Kiyoyozi cha Chumba cha Mbele

Mwanangu Asya,

Salamu zangu unazo kila asubuhi ukinishika mkono, kwa hiyo leo naziruka. Umekwenda Amani kumuaga shangazi yako, na mimi namjua dada yangu: hatokuachia mpaka umekula, umekunywa chai, umesomewa dua, na umefungiwa mikate ya kuchukua njiani. Nna saa mbili, labda na nusu. Mama yako amefuatana nawe, nyumba iko kimya. Nimekaa dirishani na daftari la kazi gotini, na kalamu ile ile ninayoandikia vipimo vya gesi. Mistari ikipinda usinicheke. Mkono huu umezoea bisibisi, haujazoea maneno.

Sikuandikii habari za kuswali na kula na kuvaa. Hayo mama yako keshayasema mara kumi, na juzi nlikusikia ukiitika "naam, mama" kabla hajafungua mdomo. Nakuandikia kwa sababu kesho alfajiri mnaondoka na ile boti ya starehe, mwendo wa siku nyingi baharini mpaka Salalah, huko Omani, na ndani ya chumba cha mbele, kile utakacholala wewe na Bi Salma mpishi, mna kiyoyozi ambacho si kizima. Mimi najua. Nahodha hajui. Wewe sijui kama unajua, na hilo ndilo linaloniua.

Haya, nshalisema. Sasa nivute pumzi.

Utaniuliza: baba, mbona hukusema kwa mdomo? Miezi minne tumelala matumbo chini ndani ya boti ile, bega kwa bega, tukipeana tochi. Nafasi ya kusema ilikuwapo, tena tele. Lakini mdomo huu, mwanangu, unajua kutukana feni mbovu tu. Ukifika penye jambo la haja unapiga kona. Si tabia ya leo. Ngoja nikuhadithie ilivyoanza, ujue nani amekufundisha kazi.

Mimi sikusomea chuo cha amali kama wewe. Nlijifunza mahotelini, hapa hapa Mji Mkongwe, kwa kumbebea mtu mwengine ngazi. Na kanuni yetu mafundi wa mahotelini ilikuwa moja: kiyoyozi hakitii baridi, kiongeze gesi. Hakitii tena, ongeza tena. Watu wakatuita mafundi gesi na sisi tukafurahi, tukaona ni sifa. Basi siku nlipoitwa mara ya kwanza kwenye boti hii, enzi ya tajiri wa kwanza, nikaingia nayo kanuni yangu ile ile pamoja na mtungi begani.

Wewe unayajua haya, lakini niache niyaseme, maana nikisema habari ya kazi mkono unatulia. Kiyoyozi cha nyumba hutupa joto lake nje, kwenye upepo. Cha boti hulitupa baharini. Pampu inavuta maji ya chumvi kutoka tundu la chini, yanapita kwenye chujio, yanapita kwenye mabomba ya kupooza, yanatoka ubavuni. Yakikatika maji, hata ukitia gesi ya dunia nzima ni kazi bure. Mimi hayo sikuyajua. Boti ilikuwa imetia nanga mbele ya Bwejuu, tajiri ana wageni, viyoyozi vikazima kimoja baada ya kimoja. Nikaongeza gesi. Nikaongeza tena. Kompresa ikaanza kugonga kama mtu anayetwanga, kisha ikanyamaza moja kwa moja. Nlipokuja kufungua chujio, lo! Limejaa mwani tele, ule uliokatika kwenye kamba za wakulima pale pwani, na juu yake yavuyavu wawili, wale wadudu laini wa baharini. Mashine inakosa maji ya kunywa, na mimi naishindilia chakula.

Tajiri akaniuliza, "Fundi, nini kimeiua?" Nikamwambia, "Uzee." Kompresa ile ilikuwa na miaka miwili. Neno lilitoka laini kabisa, Asya, halikunikwama hata kidogo. Tajiri akatikisa kichwa, akaagiza nyengine, na mimi nikapewa na chakula cha mchana.

Ndiyo nlivyoanza. Na mtu akishaona uongo wake umelika vizuri, siku ya pili anaona tabu ya nini kusema kweli.

Baada ya hapo vyumba vikaanza kunuka. Ukungu ule, unaujua, harufu ya kitambaa kilichokunjwa kibichi. Dawa yake ilikuwa wazi: kila kiyoyozi kina trei chini yake inayokinga maji, na trei zote zilikuwa zimeziba. Lakini kuifikia trei moja ilikuwa lazima ushushe mbao za dari, moja moja, zile mbao nzito za watu wa zamani, siku nzima kwa chumba kimoja, na jioni shingo haigeuki. Mimi nikaona njia ya mkato. Nikaja kwa mama yako nikamwambia, "Nitilie udi kidogo, wageni wa tajiri wanakuja, tuwakirimu." Masikini mama yako! Akanipikia ule wake wa harusi, wa sukari na sandali na marashi. Nikachukua na chetezo. Saa moja kabla ya wageni kupanda nikafukiza vyumba vyote, nikafunga milango, nikafungua, na boti ikanukia kama ndani kwa bibi arusi. Tajiri akasema hakuna boti inayonukia kama yake. Mama yako mpaka leo anajivunia jambo lile, na mimi kila akilitaja natafuta kitu cha kufanya jikoni.

Miaka miwili nlifukiza. Miaka miwili maji ya trei yalikuwa yanafurika na kudondokea nyuma ya mbao, juu ya maungio ya waya.

Ulikuwa mdogo, hukumjua Makame. Alikuwa baharia, mtu wa Tumbatu, mpole, mcheshi, akipiga mbizi kusafisha chini ya boti huku anaimba akiibuka. Siku hiyo mchana alikuwa na homa. Akaingia chumba cha kati akafunga mlango akalala, kiyoyozi kinaunguruma. Sisi tuko juu tunasugua sitaha, asubuhi yake nlikuwa nshafukiza. Mwenzetu mmoja akanusa akasema, "Jamani, kuna kitu kinaungua." Nikamjibu mimi, kwa mdomo wangu huu: "Udi huo, bwana. Endelea na kazi."

Na wallahi nliamini. Hapo sikusema uongo. Nlikuwa nshaifunika harufu kwa muda mrefu mpaka pua yangu mwenyewe imepotea.

Tulipoona moshi unatoka chini ya mlango, tukauvunja. Moto wenyewe haukuwa mkubwa, ndoo mbili ziliuzima. Moshi ndio uliokuwa umemaliza kazi. Tulimtoa yu hai, alhamdulillahi, lakini pumzi zake hazikurudi kama zilivyokuwa. Mtu aliyekuwa akikaa chini ya maji mpaka tunaingiwa na hofu, sasa akipanda ngazi tatu anatafuta pa kukaa.

Nlikwenda kumtazama kwao, na mikate na sukari mkononi. Chumba kimejaa watu. Akaniita karibu, akaniuliza taratibu, "Fundi, wewe siku ile hukusikia harufu?"

Nikasema, "Sikusikia."

Akasema, "Basi kudra." Na wote mle ndani wakaitikia, "Kudra ya Mwenyezi Mungu." Na mimi nikaitikia, Asya. Nikaitikia kwa sauti kuliko wote. Nimemtwisha Mungu trei niliyoshindwa kuisafisha mimi. Nikarudi mjini, na tangu siku hiyo sijakanyaga tena Tumbatu. Mama yako hajui. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

Boti ikauzwa, ikakaa miaka bila ya kazi, ikaota chaza mpaka juu. Alipokuja tajiri mpya akataka viyoyozi vyote vitolewe vitiwe vipya, mimi nikajiambia, Mungu amenipa nafasi ya pili. Na wewe ndiyo umetoka chuoni. Nikakwambia njoo tufanye pamoja.

Sijawahi kukusifu, si hulka yangu, lakini ile miezi minne ndiyo kazi pekee maishani nnayoweza kuitaja bila kutazama chini. Ulikuwa unanichosha! Kila trei lazima uishushe, kila bomba lazima ulipitishe dawa mpaka maji yatoke meupe ubavuni. Nikisema, "Inatosha, mwanangu," unanijibu, "Baba, bado inatema mchanga." Siku ile ulipotia mkono ndani ya bomba la zamani ukatoa chaza, ukanambia, "Huyu anatosha kitoweo," nlicheka mpaka nikaumwa mbavu. Ukanielewesha mimi, mzee wa mtungi, namna mashine hizi mpya zinavyowaka polepole bila kuishtua jenereta. Vinne tukavitia, na waya mpya, na pampu mpya. Kikabaki cha chumba cha mbele.

Unakumbuka siku hiyo ulikuwa Chwaka, msibani kwa mjomba wa mama yako. Nlikuwa peke yangu. Nikakileta kiyoyozi kipya mlangoni, hakipiti. Boti ilijengwa ikakizunguka kile cha zamani. Ili utoe kimoja utie chengine lazima ukate kitanda, ushushe dari, uvunje na kabati. Kazi ya siku tatu. Nahodha Khamis kila saa anapita: "Mzee, tunamaliza lini?" Nikatia tochi kwenye upenyo nikachungulia nyuma. Nikayaona maungio. Rangi ya kahawia, plastiki imekauka kama ganda la karanga. Yale yale, Asya, kama ya chumba alicholala Makame.

Na unajua nlifanya nini? Nlikosha chujio la hewa. Nikafunga kifuniko kipya kwa mbele. Nikapaka skrubu rangi nyeupe ili zifanane. Nimemvisha maiti kanzu mpya.

Uliporudi ukaniuliza, "Cha mbele umekibadilisha, baba?" Nikakwambia, "Cha mbele nshamaliza." Ukauliza tena, "Umekibadilisha?" Nikakukatisha: "Nshamaliza, nnakwambia!" Hukuuliza mara ya tatu. Nikaona ni heshima.

Kwa nini nlifanya vile? Nimejiuliza mpaka kichwa kinauma. Si uvivu peke yake. Nlikuwa nshasikia kuwa nahodha anataka kukuchukua safari hii, uwe fundi wao wa viyoyozi, na nikaogopa tukichelewa wataondoka na mtu mwengine. Nlitaka uondoke. Na nimekuwekea hatari pale pale utakapoweka mto wako. Akili ya wapi hiyo?

Leo sikuweza kula. Mama yako kapika samaki wa nazi kwa ajili yako na mimi nimegeuza tonge tu. Baada ya Alasiri nikateremka bandarini kumtafuta nahodha, nimeshakusudia. Nikamkuta anahesabu madumu ya maji. Nikamwambia, "Nahodha, kile kiyoyozi cha chumba cha mbele, nataka nikipitie tena kabla hamjaondoka."

Akacheka. "Mzee wangu, kazi imeshakabidhiwa. Unatafuta kisingizio umuage mtoto mara ya pili?"

Nikasema, "Waya zake sina imani nazo."

Basi akatoa karatasi mfukoni, ile orodha ya ukaguzi aliyoitaka tajiri, akaniwekea kidole. "Soma mwenyewe. Binti yako keshakagua."

Nikasoma. "Chumba cha mbele. Kimefunguliwa. Trei safi. Waya zimekaguliwa. Maungio mazima." Na chini yake jina lako, na ile A yako yenye mkia mrefu. Tarehe ya juzi.

Asya, jana mimi nliingia chumba kile kuchukua ngazi yangu. Nlizitazama zile skrubu. Rangi niliyopaka haijapasuka hata kwenye moja. Kifuniko kile hakijafunguliwa na mtu.

Nahodha ananiangalia. "Si wewe mwenyewe uliyenambia macho yake ni bora kuliko yako?" Ni mimi. Nlisema, tena mbele ya watu. Nikasimama na ile karatasi. Nikisema kweli, nimekuita muongo mbele ya nahodha wako wa kwanza, wewe ambaye watu washasema mtoto wa kike atakwenda kufanya nini baharini. Nisiposema, wewe na Bi Salma mnalala chini ya waya ule. Ulimi ulikuwa mzito, ukaja mwepesi. "Ahsante, nahodha," nikamwambia. "Nlitaka kuhakikisha tu."

Kwa umri huu! Mvi kichwa kizima, na bado.

Nimerudi nyumbani kwa miguu, nimepita vichochoroni watu wananisalimia nami siwaoni. Nlikuwa nawaza jambo moja. Ama uliandika vile kwa kuwa baba yako kasema ameshamaliza, na neno la baba likakutosha. Ama ulitia tochi kwenye upenyo kama mimi, ukaona nlichokiona mimi, ukaifikiria safari yako, ukalifikiria na jina langu, ukashika kalamu. Kama uliniamini, basi nimekuuza. Kama ulijua, basi umeniiga, na umeniiga vizuri, maana mwandiko wako haukutetemeka. Nimejaribu kuomba liwe hili au liwe lile. Sijui niombe lipi.

Wazee wamesema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeyaficha, na anayelala nayo ni wewe.

Sina amri tena. Boti si yangu, karatasi si yangu, na wewe u mtu mzima, una mkataba na mabuti ya kazi. Nguvu za kukuzuia sina na haki ya kukuzuia sina. Nnachojua ni hiki kimoja cha ufundi: kile kiyoyozi kikikatwa umeme wake, kikafa kabisa, hakina madhara. Mtalala na joto. Bi Salma atalalamika, feni ndogo itamtosha. Lakini kukikata lazima nahodha aambiwe kwa nini, na akiambiwa kwa nini ataitazama karatasi yake, kisha atakutazama wewe. Anaweza kusema ahsante. Anaweza kusema baki. Nimekuona unavyoikunja na kuikunjua ile sare yao, najua unaitaka safari hii namna gani. Na Bi Salma naye, leo bandarini kanionyesha shuka mpya alizonunua, mbili, moja yake moja yako, za maua. Yeye hajui lolote, wala hakuna aliyemuuliza.

Nikwambie na la mwisho, japo linanitia aibu kuliko yote. Nlipoanza kuandika, nia yangu ilikuwa niikunje barua hii niitie chini kabisa ya begi lako. Ungeikuta siku ya tatu au ya nne, ardhi haionekani. Mimi ningekuwa nshasema, roho yangu imetua, na wewe ungebaki nayo huko, huna la kufanya. Mpaka nlipofika kwenye habari za Makame ndipo nikajiona. Hata toba yangu nlitaka iwe ya mkato.

Mlango wa chini umelia. Ndio nyinyi, nakusikia unamcheka mama yako anavyohema ngazini.

Siitii begini. Nakupa mkononi, na utaisoma hapa hapa mbele yangu, na mimi sitoondoka kitini wala sitotazama dirishani. Ukimaliza nitazame. Ukitaka kunisema, niseme, sitokukatisha. Ukitaka kunyamaza pia ni sawa.

Lakini saa bado ni tatu kasorobo, na nahodha halali mapema. Ukisema twende, ntatangulia kusema mimi, kuanzia ile rangi ya skrubu. Makubadhi nshavaa miguuni.

Baba yako